Ndege ya mbao, wauzaji wanne na daftari la marehemu: kisa cha kununua ndege ya kujijengea Ufaransa na kuisajili Uingereza

Usuli

Kisa hiki nimekifuata karibu tangu mwanzo, nikiwa fundi wa ndege niliyeombwa msaada na mnunuzi. Nakiandika kwa ridhaa yake. Majina, herufi za usajili na viwanja nimeviondoa, bei nimeikadiria. Mtiririko wa mambo na sababu za kila uamuzi nimeziacha zilivyokuwa.

Mnunuzi ni Mkenya wa Pwani, fundi umeme, ameishi kusini mwa Uingereza zaidi ya miaka 20 bila kubadilisha uraia. Leseni ya urubani wa kujifurahisha aliipata ukubwani. Kwa miaka kadhaa alikodi ndege za klabu kwa saa, akaona anaweza kumiliki yake iwapo atanunua ile aina inayojengwa na mtu binafsi kwa mikono yake, kwenye gereji au banda, kwa kufuata michoro aliyoinunua. Ndege hizo ni nafuu, na mwenyewe anaruhusiwa kufanya sehemu kubwa ya matunzo.

Alipata mbili alizozipenda. Ya kwanza ilikuwa Van's RV-6, ya bati la alumini, iliyojengwa Marekani, ikiwa na usajili wa Marekani lakini imelala Ujerumani. Ya pili ilikuwa ya mbao na kitambaa, ya familia ya Jodel, ambayo jina lake limetokana na wabunifu wake wawili, Joly na Délémontez. Ukiitazama Jodel kwa mbele huwezi kuikosea: bawa limenyooka katikati, kisha ncha zote mbili zimekunjwa kwenda juu. Hii ilijengwa Ufaransa miaka ya 1970 na mzee mmoja aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Wauzaji walikuwa mjane na watoto watatu.

Ulaya si moja kwa ndege hizi

Watu wengi huamini kuwa ukishakuwa na cheti cha nchi moja ya Ulaya umemaliza. Kwa ndege za kiwandani ni karibu kweli, kwa sababu zinasimamiwa na EASA, shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya. Lakini Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2018/1139, katika Kiambatisho cha I, inazitoa ndege za kujijengea nje ya mamlaka ya EASA, mradi angalau asilimia 51 ya kazi ya kuunda na kuunganisha imefanywa na mjenzi asiye wa biashara, kwa matumizi yake mwenyewe. Zikishatolewa huko, kila nchi inazisimamia kwa sheria yake. Ufaransa ina cheti chake kiitwacho CNRA, na usajili wa ndege hizo huanza na herufi F-P. Ujerumani ina utaratibu wake chini ya LBA, mamlaka yake ya anga. Uingereza, ambayo sasa iko nje ya Umoja huo, inatoa kibali cha kuruka kupitia CAA, mamlaka yake ya anga, na kazi ya uhandisi na ukaguzi hufanywa na LAA, chama cha wenye ndege ndogo.

Kinachozibeba ndege hizi kuvuka mipaka ni pendekezo la mwaka 1980 la ECAC, jumuiya ya mamlaka za anga za nchi za Ulaya, linalozitaka nchi wanachama zipokee ndege za kujijengea za wenzao. Hilo linahusu kutembelea. Halihusu kuhamia. Ukitaka kubadilisha usajili, nchi unayoingia inaikagua ndege kana kwamba haijawahi kuiona, na kusema kweli haijawahi kuiona.

Mambo yalivyokwenda

RV-6 ilikuwa ya kwanza kuangaliwa, na tuliiacha ndani ya wiki mbili. Ili kubaki na usajili wa Marekani mmiliki lazima awe raia au mkazi wa kudumu wa huko, au ndege iwekwe chini ya wadhamini wa Kimarekani, jambo lenye gharama kila mwaka. Kuihamishia Uingereza kulihitaji ushahidi wa nani alijenga nini, na mjenzi alikuwa na picha kumi na mbili tu na daftari lenye kurasa nne. Ndege ilikuwa nzuri, tena yenye kasi. Mnunuzi alinung'unika siku nzima.

Alipoipata Jodel, alikuwa tayari kutuma pesa yote jioni ile ile. Bei ilikuwa kama yuro 22,000. Aliniambia, "Fundi, hela ninayo mkononi, nishindwe na karatasi?" Nikamjibu, "Kaka, ndege unayo pale Ufaransa, karatasi ndiyo hatujaiona." Akakubali kusubiri, lakini kwa shingo upande.

Swali la kwanza lilikuwa kama angeweza kuiacha kwenye usajili wa Kifaransa. Hapana: sheria ya Ufaransa inataka mmiliki awe raia wa huko au wa nchi ya Umoja wa Ulaya au Eneo la Kiuchumi la Ulaya, na pasipoti yake ni ya Kenya. Swali la pili lilikuwa kama Uingereza ingempokea akiwa si Mwingereza. Hapo pasipoti ile ile ikamsaidia, kwa sababu sheria ya anga ya Uingereza inamhesabu raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola kati ya wanaostahili kusajili ndege huko. Mtanzania, Mganda na Mnyarwanda wako katika hali hiyo hiyo. Wengi wetu tulio Uingereza hatulijui hili, na nimeona watu wakitafuta jina la rafiki Mwingereza la kuandikia ndege bila sababu yoyote.

Kabla ya kusafiri aliandika kwa chama cha LAA kuuliza kama aina hiyo inakubalika na wangetaka kuona nini. Orodha ilirudi ndefu: umiliki wa michoro, kumbukumbu za ujenzi, kila badiliko lililofanywa nje ya michoro, madaftari ya ndege, injini na propela, karatasi ya uzito na kitovu cha uzito, na picha za vibati vyote vyenye namba.

Tulikwenda Ufaransa mwezi wa pili. Banda lilikuwa pembeni mwa shamba la ngano, na ndege ilikuwa imefunikwa shuka za kitanda. Nililala chini ya bawa na tochi. Ndege ya mbao haisemi shida yake kwa ufa kama bati. Inaisema kwa harufu, kwa madoa na kwa sauti. Nikaanza kugonga kwa sarafu, inchi kwa inchi, kutoka katikati kwenda nje. Mbao iliyoshikana vizuri inarudisha sauti kavu na kali. Karibu na ukingo wa nyuma wa bawa la kushoto sauti ikabadilika, ikawa butu kama kugonga mkate. Vitundu vya kutolea maji upande ule vilikuwa vimezibwa na rangi, pengine mwaka ndege ilipopakwa upya. Kipima unyevu kilisoma 13 sehemu nyingine zote, pale kikasoma 22. Mbao ikizidi asilimia 20 kwa muda mrefu, kuvu wanaanza kula.

Hilo halikunitisha sana, kwa sababu lilikuwa nje ya mhimili mkuu wa bawa na linatengenezeka. Kilichonitisha ni injini. Hati za Kifaransa zilisema ni Continental C90. Nikafuta grisi kwenye kibati kwa kitambaa chenye petroli kidogo, herufi zikajitokeza moja moja: O-200-A. Injini hizi mbili ni ndugu wa tumbo moja. Ujazo wa silinda ni ule ule, na mtu asiyesoma kibati hatajua tofauti. Lakini C90 inatoa nguvu zake ikizunguka mara 2,475 kwa dakika, na O-200 inafika nguvu farasi 100 kwa mizunguko 2,750. Propela iliyochongwa kwa ajili ya moja haifai nyingine hivi hivi tu, na karatasi ya uzito iliyopimwa na moja haielezi nyingine.

Mjane alitutolea daftari la mumewe, la jalada la bluu, mwandiko mdogo wa penseli. Ukurasa mmoja ulieleza kila kitu: injini ya zamani ilipasuka silinda, akanunua O-200 kwa rafiki, akaifunga, akabadilisha propela, akapima uzito upya. Kazi safi kabisa. Ila hakuiandikia mamlaka. Kwa miaka mingi ndege iliruka ikiwa kitu kimoja na karatasi zikisema kitu kingine.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi uliochukua muda mrefu zaidi ulihusu wapi pa kurekebisha suala la injini. Mnunuzi alitaka afute usajili wa Ufaransa, abebe ndege kwenye lori, na ayamalize yote Uingereza. Nilipinga. Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, kifungu cha 18, haukubali ndege kusajiliwa kwa halali katika nchi zaidi ya moja, kwa hiyo kuna kipindi ndege inakuwa haina nchi. Katika kipindi hicho haiwezi kuruka, na mamlaka iliyoijua kwa miaka 40 na zaidi haina tena sababu ya kujibu barua zako. Badiliko la injini lilifanywa chini ya macho ya Ufaransa, na Ufaransa ndiyo ilipaswa kulikubali au kulikataa. Tukikataliwa, afadhali tujue kabla ya pesa kuhama.

Lori nalo lilikuwa na tatizo lake. Bawa la Jodel za familia hii ni kipande kimoja, zaidi ya mita 8 ncha kwa ncha. Halikunjwi wala halitenganishwi. Unafungua boliti, unatoa kiwiliwili, unabaki na mbao ya mita 8 ya kuvusha barabara mbili na bahari. Inawezekana, ila kila kupakia na kushusha ni nafasi ya kupasua kitu.

Hivyo mkataba uliandikwa kwa masharti. Asilimia 10 iliwekwa kwa mthibitishaji wa hati, si mikononi mwa wauzaji. Warithi wote wanne walitakiwa kusaini. Daftari la usajili lilitazamwa kuhakikisha hakuna rehani juu ya ndege. Wauzaji walitakiwa kurekebisha hati ya injini kwa msaada na gharama za mnunuzi. Ndege ingevuka ikiwa bado ya Ufaransa, ikiwa na cheti halali na bima, ikirushwa na rubani Mfaransa aliyeifahamu. Pesa iliyobaki ingetoka pale hati ya kufutwa usajili itakapopatikana.

Bima pia ilitusukuma upande huo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 785/2004 inataka ndege iliyo kati ya kilo 500 na 1,000 iwe na bima ya watu wa tatu isiyopungua SDR milioni 1.5 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF). Kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa ajali ya ndege ambayo injini yake haimo kwenye hati zake.

Matokeo

Marekebisho ya hati yalichukua miezi minne, na sehemu kubwa ya muda ilikuwa kumsubiri mrithi mmoja aliyeishi ng'ambo kurudisha saini. Mamlaka ilikubali badiliko baada ya ndege kupimwa uzito upya na kuruka majaribio. Daftari la penseli ndilo lililotubeba, kwa kuwa lilikuwa na tarehe, namba za injini na vipimo.

Ndege ilivuka kutoka Le Touquet asubuhi moja ya anga tulivu. Taarifa ya safari kwa mamlaka za mpaka za Uingereza inatakiwa itumwe angalau saa mbili kabla ya kuondoka, na ilitumwa usiku uliotangulia. Mnunuzi alikaa kiti cha kulia amevaa jaketi la kujiokolea. Aliniambia baadaye kwamba alichokumbuka ni kipima kasi, kwamba kilisoma kwa kilomita kwa saa na yeye alijifunza kwa noti (knots, yaani maili za baharini kwa saa), kwa hiyo safari nzima alikuwa akigawanya kichwani.

Kisha ikakaa chini miezi sita. Usajili wa Uingereza ulikuwa mwepesi mara tu Ufaransa ilipothibitisha kufuta wa kwake. Kibali cha kuruka ndicho kilichokula muda. Kitambaa kilifunguliwa sehemu kadhaa ili kuona mbao ndani. Kipande kilichooza kikakatwa, kikaungwa kipya. Vibandiko vya Kifaransa vikabadilishwa, alama za kipima kasi zikawekwa upya, redio ikathibitishwa kuwa ya nafasi ya 8.33 kHz kati ya masafa, na transponda, kifaa kinachoitambulisha ndege kwa rada, ikapangiwa namba ya Uingereza mahali pa ile ya Ufaransa. Hili la mwisho husahaulika sana: namba hiyo inatolewa na nchi ya usajili, na ukiiacha ya zamani, rada inaona ndege ambayo haipo tena.

Jumla ilichukua miezi 14 tangu barua ya kwanza hadi mruko wa kwanza kwa herufi ya G, ya usajili wa Uingereza. Gharama juu ya bei ya ndege zilifika kama yuro 12,000. Kibali kinamruhusu kuruka mchana kwa kuona, bila biashara, na hukaguliwa kila mwaka.

Uchambuzi

Nikipima yote, kilichomwokoa mnunuzi ni kuuliza nchi ya kupokea kabla ya kulipa. Barua ile moja ilimpa orodha, na orodha ndiyo iliyotufanya tusome kibati cha injini. Bila hiyo ningegonga mbao, ningesikiliza injini ikinguruma vizuri, na ningemwambia anunue. Nasema hivi nikiwa fundi: jicho langu lilikuwa kwenye mbao, kwa sababu mbao ndiyo nilikuwa naihofia.

Kurekebisha hati kabla ya kufuta usajili kulituchosha, lakini naamini ulikuwa uamuzi mkubwa kuliko yote. Nimeona ndege nyingine mbili zilizofutwa usajili kwa haraka na kubebwa kwenye lori. Moja bado iko bandani, haina nchi.

Tulipokosea zaidi ni kodi. Mnunuzi aliweka bajeti ya ndege, safari na ukaguzi, akasahau kwamba tangu mwanzo wa mwaka 2021 kitu kinachotoka Ufaransa kwenda Uingereza ni bidhaa inayoingizwa. VAT ya asilimia 20 ilidaiwa juu ya bei na gharama za kuifikisha. Kwa kuwa wauzaji walikuwa watu binafsi ambao hawakumtoza kodi yoyote, alidhani hakuna kodi kabisa. Zaidi ya yuro 4,400 zilitoka mfukoni kwa wakati mmoja, na zilikuwa zile alizotenga kwa ajili ya kitambaa kipya. Nami sikumkumbusha. Nilijiona fundi wa ndege, mambo ya forodha nikayaacha yajisimamie.

Kosa la pili lilikuwa muda wa bandani. Alikodi nafasi kwa miezi mitatu, akalipia sita.

La tatu ni gundi, na hili bado linaniuma kidogo. Daftari la marehemu lilieleza injini, kitambaa, nyaya na uzito, lakini halikutaja aina ya gundi aliyotumia kwenye mhimili wa bawa. Wakaguzi waliuliza, na walikuwa na haki. Gundi ya zamani ya kasini hutengenezwa kwa protini ya maziwa, na ikilowa kuvu huila. Gundi ya resosinoli haina shida hiyo, na unaitambua kwa mstari wake mwekundu wa kukolea. Kwenye kipande tulichokata mstari ulikuwa mwekundu, lakini kipande hicho kilikuwa cha ukingo wa nyuma. Hakikuthibitisha lolote kuhusu mhimili. Tulikaribia kuagizwa tufungue bawa katikati, kazi ambayo ingegharimu karibu nusu ya bei ya ndege.

Mjane ndiye aliyetaja, kwa bahati, kwamba jirani mmoja alikuwa akija kila Jumamosi kumsaidia mumewe wakati wa ujenzi. Mzee huyo alikuwa hai, ana miaka 80 na ushei, na alikuwa ametunza kwenye kopo la biskuti risiti za vitu walivyonunua pamoja: mbao, misumari ya shaba, makopo ya gundi ya resosinoli yenye tarehe za miezi ile ile mhimili ulipounganishwa. Alituma picha za risiti na maelezo yaliyosainiwa. Hayo pamoja na kupenyeza kamera nyembamba ndani ya bawa na kuuona mstari mwekundu kwenye viungo viwili vya mhimili, yalitosha.

Tulimpigia simu mwezi wa kumi. Alikuwa akiishi nyumba ya tatu kutoka lile banda tulilolala chini ya bawa lake mwezi wa pili.